Daudi wa Kibondo

Daudi fundi baiskeli alipomwona Gharibu anakuja na bakora, aliacha gurudumu likizunguka, akaruka ua. Hakuwa na kosa. Lakini alikwisha kusikia kwamba yule mwenye duka la vitambaa anawasaka akina Daudi wote wa Kibondo.

Mambo yalianzia dukani. Nesi wa Kiingereza alikuja kupimwa gauni na Kuruthumu, mke wa Gharibu, aliyekuwa akishona pale pale barazani. Wakasimama pamoja mbele ya kioo. Nesi akasema maneno ya kwao huku akijitazama, akacheka, na mwishoni Gharibu akalisikia jina waziwazi: Daudi. Kuruthumu naye akacheka.

Mgeni alipoondoka, Gharibu akauliza, "Daudi ni nani?"

Cherehani ikanyamaza. "Daudi gani?"

"Huyo bwana wako, mpaka wazungu wanamjua!"

Kuruthumu hakuapa wala hakulia. Aliinama tu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekwambia?"

Gharibu akapandwa na hasira. Akampa talaka moja mbele ya wateja, akaamuru arudi kwao.

Isihaka, rafiki wa Gharibu tangu utotoni, ndiye aliyempeleka Kuruthumu kwa lori lake hadi Kasulu. Alipoambiwa habari ya Daudi alishusha pumzi, kisha akacheka kwa nguvu. "Ndugu yangu, mtafute tu. Utampata."

Siku zikapita. Nesi akarudi kuulizia gauni lake. Aliposikia yaliyotokea, uso ukamwiva.

"Daudi si mtu!" alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ni neno letu la Kiingereza, dowdy. Mwanamke akivaa ovyo, hapendezi, huitwa hivyo. Nilijisema mimi! Mkeo mzuri, nikisimama karibu yake mimi naonekana daudi."

Gharibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda kumwomba radhi fundi baiskeli, akashindwa kumtazama usoni. Msikitini alianza kukaa safu ya nyuma na kutoka wa kwanza. Kila akikumbuka mkewe alivyobeba kifurushi chake katikati ya wateja, alijificha uso kwa viganja, hata akiwa peke yake.

Eda ilikuwa haijaisha. Akamwendea Isihaka.

"Twende wote ukaniombee. Peke yangu siwezi, nina aibu."

Isihaka akasingizia homa. Mara ya pili akasema lori bovu. Gharibu alipoanza kulia mbele yake, akawasha lori.

Mama yake Kuruthumu alikuwa amehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa huko huko Kasulu, Rungwe Mpya. Aliwapokea, akawatandikia mkeka, akaenda kumwita binti yake shambani.

Kuruthumu aliingia na udongo miguuni, amekonda. Gharibu akapiga magoti.

Lakini Kuruthumu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Isihaka, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Kisha Kuruthumu akaanguka mbele ya Gharibu, akilia.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nilijua mwisho utamjua. Ila sikudhani kama ungekuja naye."