Mche wa Ishirini na Saba

Tunu alikuwa akiifundisha kompyuta kutambua mihogo yenye ugonjwa. Alijaribu mipangilio ishirini na saba kwa mpigo, kila mmoja na mstari wake kwenye skrini unaoonyesha unavyojifunza, na betri ya sola ilishafika nusu.

Mama yake aliingia kutoka shambani, akatazama. "Yote unaingoja ikomae?"

"Ndiyo, mama."

"Mche dhaifu wa mahindi tunaung'oa ungali kimo cha kidole. Ukichelewa, umeshakula mbolea ya mwenzake."

Tunu akazima mipangilio kumi na minane iliyosuasua. Baadaye, sita. Ikabaki mitatu, na betri ikatosha.

"Mama, kama nimeung'oa ule ambao ungekuja kushinda yote?"

"Hata mimi hujiuliza, kila msimu." Akanasua mche uliong'ang'ania pindo la kanga yake, mbichi, mzizi una udongo, akauweka kando ya kompyuta.