Msimamizi Asiyesahau Kitu

Trizah alizifunga kamba za mgongoni mwa gauni la mdogo wake fundo mara mbili, akazijaribu kwa kidole, kisha akaufunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo kwenye pochi yake.

"Nataka kwenda choo," alisema Edinah.

"Umetoka huko sasa hivi. Si mimi nilikusindikiza?"

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumapili, nyumbani kwa Mzee Masese karibu na Isebania. Edinah, kitinda mimba wa mzee, alikuwa anaolewa saa nne. Dada yake mkubwa, Trizah, ndiye aliyekuwa msimamizi wa bibi harusi, na sijui kama msimamizi wa aina yake amewahi kuonekana upande huu wa Migori. Alikuwa na daftari lililoandikwa nani atapika pilau, nani atabeba keki, na nani asiketishwe karibu na nani. Alikuwa amefika wiki mbili kabla ya harusi kutoka Uriri alikoolewa, akiwa na watoto wake wawili, sare zao za shule, sufuria zake zote na bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Shangazi zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Huyu, walisema, hata akienda mtoni atabeba kitambulisho.

Hata bwana harusi ni yeye aliyemtafuta. Chrispine Omanga alikuwa mfanyabiashara wa samaki Homa Bay, miaka arobaini na tatu, aliyefiwa na mke, mpole, asiyegusa pombe. Hakuna aliyekuwa na neno juu yake ila bibi harusi mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka ishirini na barua ya kujiunga na chuo Rongo.

Edinah aliketi kitandani. Gauni lilikuwa la kukodi, zito, na bila mtu wa kumfungua lisingetoka. Dirisha lilikuwa na vyuma. Simu yake ilikuwa ndani ya pochi ya Trizah pamoja na pini, uzi, leso na dawa za kichwa. Alijiona kama kuku aliyefungwa miguu akingoja siku ya soko.

"Dada, mimi sitaki," alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine. Nifungulie nipite huko nyuma, niende kwa rafiki yangu Filister, kule Rongo. Kesho nitarudi kuomba msamaha."

Trizah alipiga magoti akaanza kumfunga viatu. Alimweleza taratibu, kwa sauti aliyokuwa akimbembelezea alipokuwa mtoto, kwamba kila bibi harusi huingiwa na hofu, kwamba Omanga amekubali asome baadaye, na kwamba chuo hakihami. Kisha akamkumbusha habari ya ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wa Omanga walikuwa zizini tangu Alhamisi, na baba yao alikuwa amekataza hata mmoja asiguswe mpaka pete ivaliwe. Mwanamke akimkataa mume, ng'ombe hurudi walikotoka. Desturi hiyo hata watoto waliijua.

"Si warudi tu," alisema Edinah. "Bado wote wako zizini."

Mikono ya Trizah ilisimama juu ya kiatu.

"Wewe uliolewa ukitaka?" Edinah alimuuliza.

"Nilitaka sana." Trizah aliuvuta mkono wa blauzi mpaka kwenye kiganja. Joto lilikuwa kali, lakini tangu aje hakuna aliyemwona amevaa mikono mifupi. "Nilimtaka mpaka nikakosa usingizi. Kwa hivyo usiniambie mambo ya kutaka."

Edinah akalia. Trizah naye akalia, jambo ambalo halikuwa kwenye daftari, kisha akatoa leso, akampangusa mdogo wake uso na kumpaka poda upya. Akamwambia amsamehe. Edinah alidhani ni kwa ile poda iliyomwingia machoni.

Kanisani mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Trizah aligeuka akawatazama watu benchi baada ya benchi, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Zamu ya Edinah ilipofika, alinyamaza hadi wanakwaya wakaanza kuangaliana. Mlango ulikuwa mbali, watu walikuwa wamejaa mpaka nje, na mkono wa dada yake ulikuwa umemshika kiwiko kwa nyuma, ukitetemeka. Ni kule kutetemeka kulikomshinda nguvu. Aliona hakuna mtu duniani aliyekuwa akimwonea uchungu kiasi hicho, akasema ndiyo.

Pete ikavaliwa. Trizah alishusha pumzi kwa nguvu hata kipaza sauti kikainasa, na kanisa zima likacheka kwa furaha.

Saa tisa, baada ya chakula, gari la kwenda Homa Bay lilikuwa linangoja nyumbani kwa mzee. Omanga alimfungulia mkewe mlango. Edinah alikuwa ameinua mguu mmoja aliposikia ng'ombe wakilia. Zizi lilikuwa wazi na lori limesogezwa mlangoni pake. Nyabuto, mume wa Trizah, ambaye hakuonekana kanisani wala kwenye chakula, alikuwa amevaa viatu vya gambuti, akiwapandisha ng'ombe wa Omanga kwenye lori mmoja mmoja. Hakuna aliyemzuia. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama nyuma ya nyanya yao, na Nyabuto hakuwaangalia.

"Baba," Edinah aliita. "Shemeji anawapeleka wapi ng'ombe wangu?"

Mzee Masese alikuwa akitazama chini.

"Wale wake wa mahari niliwauza zamani," alisema. "Na alikataa kumwachilia dadako mpaka arudishiwe."