Nani Avute Kamba na Nungunungu?

Nguchiro, Ngiri, Pimbi na Nungunungu walitaka kushindana kuvuta kamba, wawili kwa wawili. Lakini hakuna aliyetaka kuwa na Nungunungu, kwa sababu ya miiba yake.

"Msigombane," alisema Nguchiro, mjuaji wao. "Zipo njia sita za kujigawa. Hatukosi moja ya kutufaa."

"Ni tatu tu," alisema Pimbi. "Ukinichukua mimi, Ngiri anabaki na Nungunungu. Wao wakichaguana, tunabaki mimi na wewe. Hizo si njia mbili, ni ileile. Na katika zote tatu, Nungunungu ana mwenzake."

Nungunungu aliinamisha kichwa. "Basi mimi nitatazama tu."

"Watatu hatugawanyiki, ndugu yangu," alisema Pimbi. "Tucheze zote tatu, kila mmoja awe nawe mara moja."

Ngiri alianza, akashika kamba nyuma ya Nungunungu. Kila alipoteleza mbele miiba ilimchoma pua, basi akavuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Wakashinda. Pimbi naye alipata zamu yake akashinda, kisha Nguchiro.

Ugomvi ukaanza upya. Sasa kila mmoja alimtaka Nungunungu.

"Jamani, taratibu!" alisema Nungunungu, akicheka mpaka miiba ikatikisika. "Haya, nani aanze kuchomwa?"

Wote watatu wakanyoosha mikono.