Ndugu Wote wa Idris

"Damu ya mwanangu umeipeleka wapi, Halima?"

Kadra alikuwa ameushika mlango wa ua kama anayetaka kuung'oa. Mtaani Garsen ugomvi hauna kadi ya mwaliko. Majirani walishajaa, wengine na miko mikononi. Ila Jatani, mume wa Halima, ambaye siku zote kelele humtoa nje na kikombe chake cha chai, leo hakutoka.

"Imepelekwa hospitali, Mama Ikran. Kupimwa."

"Mwanangu haumwi. Anayeumwa sukari ni Idris wako. Nakuachia Ikran niende sokoni kuuza maziwa, kumbe huku nyuma unamtoa damu? Leo ndio ananiambia."

Minong'ono ikapita. Mtaa ulijua Idris huchomwa sindano kila siku, na kwamba nyuma ya mlango wao kuna chungu cha mchanga kisichoguswa na mtu. Ulijua pia kuwa tangu aanze kuchomwa amenona. Sasa kila mtu akaona amejua ananoneshwa na nini.

"Chungu ni cha kupozea dawa, sina friji," Halima alisema. "Na hiyo damu hatiliwi mtu. Kinga ya mwili wa Idris ilimgeuka, ikaanza kumshambulia mwenyewe. Alama zake huonekana kwenye damu hata miaka kabla mtoto hajaugua. Ndiyo daktari akasema, niletee ndugu zake wote."

"Ikran ni ndugu yake tangu lini?"

Baba yake Ikran, mtaa uliambiwa, ni dereva wa lori huko Mandera. Hakuna aliyewahi kumwona.

"We Kadra nawe," Mama Tom akadakia. "Ulipolazwa, mtoto si alinyonya kwa Halima? Nyinyi Waislamu si mwasema huyo ni ndugu tayari?"

Watu wakacheka. Ugomvi uliopata jibu hauna ladha. Mmoja mmoja wakarudi kwenye sufuria zao.

Halima akasogea karibu, akashusha sauti. "Majibu yametoka leo. Wadogo zake Idris hawana kitu. Ikran anazo zile alama."

Kadra akauachia mlango.

"Bado hajaugua, na huenda ikachukua miaka. Lakini ukimwona anakunywa maji hashibi, anakojoa kila mara, anakonda, usingoje kesho. Idris nilimngojea, nusura nimzike."

 Macho yakamwiva Kadra kwa hasira. "Kwa hiyo ni maziwa yako. Maziwa yako ndiyo yamemwambukiza mwanangu."

"Maziwa hayaambukizi. Na daktari hahesabu ndugu wa maziwa, aliomba wa damu."

Halima akaufungua mlango wote.

"Ingia tule, Mama Ikran. Wali unapoa, na baba yao yuko ndani."