Kichwa cha Komba

Ndani ya kichwa cha kitambaa cha Komba, mnyama wa katuni, mlikuwa na joto la tanuri. Siwema alikuwa amekivaa miaka tisa langoni mwa bustani ya michezo, na sheria ilikuwa hii: aliyevaa kichwa hasemi, na watu wakipiga makofi anacheza.

Leo wapenzi wa katuni ya Komba walialikwa kujadili michezo mipya itakayojengwa bustanini kwa jina lake. Siwema, kichwa kikiwa mabegani, akaketishwa mbele ya ukumbi kama mgeni wa heshima.

"Mimi nataka treni ipite ndani ya pango lake," alisema Kibwana, mwenyekiti wao.

"Treni ya nini?" Tunu alimkatiza. "Mtumbwi! Komba alitoroka kwa mtumbwi, kila mtu anajua."

Walibishana mpaka wakakaribia kushikana mashati. Mwishowe Kibwana akasema, "Basi tukubaliane hili moja. Langoni tuwekewe Komba wa umeme, anayeongea. Huyu wa kitambaa amechakaa, halafu ananuka jasho."

Hapo hakuna aliyebisha. Mikono yote ilinyanyuka.

"Na wewe Komba, unaafiki?" Tunu aliuliza huku akicheka.

Siwema alifumbua mdomo. Kabla hajatoa neno, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Miguu yake ikaanza kucheza bila kumuuliza. Juu ya mabega yake Komba alitabasamu kama siku zote. Chini ya kidevu cha kitambaa maji yakawa yanadondoka sakafuni, na waliokaa mbele wakavuta viti vyao nyuma.