Skrubu Zisizoanguka

Kitu cha kwanza alichogundua Mwanasiti ni kwamba tangu asubuhi hakuna skrubu iliyoanguka. Bisibisi ya mjomba wake ilikuwa na sumaku, na skrubu za stenlesi walizozoea, za chuma kisichoshika kutu, hazishiki sumaku. Huzishikilia kwa vidole. Hizi ziling'ang'ania kama kupe. Ziling'aa vilevile, lakini hewa ya chumvi ya mji ule ingezila kwa kutu. Na chini ya paa lile la wodi ya uzazi wangelala wazazi na vichanga.

"Lete nyingine, bibi harusi," mjomba Shebughe alimtania. "Umeganda?"

"Mjomba, hizi si stenlesi."

"Darasa la nne linanifundisha bati?"

"Zinanata."

Mjomba akaitikisa bisibisi mara mbili. Skrubu haikutoka. Akatazama safu nne alizokwisha kufunga.

"Haidhuru," akasema polepole. "Hata lile bati tulilofunga mwaka jana liling'olewa na upepo tu, si kutu."

Mwanasiti akaufunika mkebe wa skrubu.

"Si upepo, mjomba. Bati lile lililoanguka likamkata jirani yetu Bi Zuwena, skrubu zake nilizichagua mimi dukani. Zilinata hivihivi, nami nikanyamaza."