Gari Lisiloishiwa Chaji

Siku hizi sheria hairuhusu gari la umeme kuzimika barabarani. Likiona chaji haitoshi, linapunguza abiria.

Zawena alikuwa akijaribu gari la pili kabla ya kununua. La kwanza, lile linalosifiwa kufika mbali, liliharibika mara mbili kabla ya Korogwe. Hili halikukohoa hata kidogo. Lilipanda milima ya Lushoto likiwa limejaa ndugu, vicheko na umbea, wakimpeleka mama yake akamwone kitukuu mchanga. Kwenye kona moja likasimama, likafungua mlango wa nyuma.

"Bibi ashuke," likasema kwa adabu.

"Ashuke nani?" Zawena akafoka. "Huyo ni mama yangu, we bati! Mbona humshushi shemeji na kitambi chake?"

"Shemeji, nimekukosea nini tena?" shemeji akalalama.

Muuzaji, aliyeketi mbele, akatabasamu. "Dada, ndiyo maana hili halijawahi kushindwa kufika. Linamshusha asiyesubiriwa na kazi."

"Kitukuu wake anamsubiri! Linizalie basi mama mwingine!" Zawena akashuka akiubamiza mlango, akaapa kuwa hanunui hata apewe bure. Akageuka amshike mama yake mkono.

Mama hakuwepo mlangoni. Pembeni mwa barabara, juu ya jiwe pana lililolainika kwa kukaliwa, vikongwe watatu walikuwa wanamsogezea nafasi, kila mmoja na kikapu chake.

"Karibu, shoga," mmoja akamwambia. "Wewe umeshushwa na lipi?"